Ansel Adams: Picha moja, basi

Unaenda Chalbi kupiga picha? Msikie kwanza Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco 1902. Shule ilimshinda mapema, akafundishwa nyumbani. Piano ndiyo aliyoitaka, kamera ikamnyakua.

Novemba 1, 1941 alikuwa akirudi Santa Fe kupitia nyanda kame za New Mexico, siku nzima hajapata picha ya maana. Karibu na Hernandez akaona mwezi umechomoza juu ya milima, jua la machweo likimulika misalaba ya makaburini. Breki! Kipima mwanga hakionekani. Bahati mwangaza wa mwezi aliujua kwa kichwa, akapiga hesabu papo hapo. Akipanga ya pili, misalaba ishaingia gizani.

Alifariki 1984. Na wewe simu umeizika ndani ya begi?