Toyota Twaijua, Toyoda Hatumjui

Ukisimama kwa muda wa dakika kumi kando ya barabara kuu yoyote humu nchini, iwe ile itokayo Mombasa kwenda Nairobi au ile iteremkayo kuelekea Kisumu, utaliona jina Toyota mara nyingi kuliko jina la Mkenya yeyote. Limebandikwa kwenye migongo ya magari ya walimu, ya madaktari, ya makasisi na ya wachuuzi wa miraa. Kulikuwa na wakati ambapo hata vioo vya nyuma vilibeba karatasi iliyodai kwamba gari lililo mbele yako daima ni Toyota. Hata hivyo, nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili Toyota ni nani, walicheka wakidhani nawatania. Mmoja wao alinisahihisha kwamba si nani bali ni nini, na kisarufi alikuwa na haki.

Swali lenyewe lilizuka katika somo la fonetiki. Nilikuwa nikieleza tofauti kati ya sauti ghuna na sauti sighuna, nikachukua /d/ na /t/, vipasuo viwili vya ufizi vinavyotamkiwa mahali pamoja na kutofautiana tu kwa mtetemo wa nyuzi za sauti. Mfano niliowapa ulikuwa jina hilo la gari, kwa maana asili yake si Toyota bali Toyoda. Ni jina la ukoo, na kwa maandishi ya Kijapani lina maana ya shamba la mpunga lenye rutuba. Aliyeanzisha utengenezaji wa magari hayo aliitwa Kiichiro Toyoda, naye alifariki mwaka wa 1952. Leo nataka kumsimulia, maadamu sisi tunaoyamiliki magari yake tunazijua bei za spea kuliko tunavyoyajua maisha yake.

Kiichiro alizaliwa tarehe 11 Juni 1894 katika mkoa wa Shizuoka, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Kosai. Babake, Sakichi, alikuwa mwana wa seremala aliyekuwa ameshikwa na hamu isiyotulia ya kuboresha mitambo ya kufumia nguo. Mwaka wa 1891 Sakichi alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya mtambo wa mbao wa kuendeshwa kwa mkono. Nyumba ya mtu wa namna hiyo si nyumba ya raha. Mamake Kiichiro aliondoka mtoto akiwa bado mchanga, naye akalelewa kwa muda na babu na nyanya yake.

Mtoto huyo aliyekua kimyakimya alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akahitimu mwaka wa 1920. Mwaka uliofuata aliingia katika kampuni ya babake ya kusokota na kufuma, kisha akasafiri Marekani na Uingereza. Huko Oldham alikaa katika kiwanda cha Platt Brothers, kampuni iliyosifika duniani kwa mitambo ya nguo, akijifunza kama mwanagenzi. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1924, baba na mwana pamoja na wenzao walikamilisha mtambo ulioitwa aina ya G. Sifa yake mojawapo ilikuwa kwamba uzi ukikatika, mtambo husimama wenyewe. Kosa halikuachwa lisafiri hadi mwisho wa jora. Lilikamatwa pale pale lilipozaliwa, na mfanyakazi mmoja akaweza kusimamia mitambo mingi. Mwaka wa 1929 wale wale Platt Brothers waliokuwa walimu wa Kiichiro walitia sahihi mkataba wa kununua haki za mtambo huo kwa pauni 100,000.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Lakini mnamo Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi lilikuwa limeubomoa mji wa Tokyo pamoja na reli zake, na serikali ya mji ikaagiza malori ya Ford kutoka Marekani yafanywe mabasi. Wajapani wakauona umuhimu wa motokaa. Ford ikafungua kiwanda cha kuunganisha magari Yokohama mwaka wa 1925, na General Motors ikafuata Osaka mwaka wa 1927. Kiichiro aliyaona hayo yote, akajiuliza kwa nini nchi inayoweza kuwauzia Waingereza mitambo isiweze kujiundia gari.

Sakichi alifariki Oktoba 1930. Husimuliwa kwamba kabla ya kufa alimhimiza mwanawe ayafanyie magari kile alichovifanyia vitambaa yeye mwenyewe. Masimulizi ya aina hii hupambwa kampuni zikishatajirika, nami huyapokea kwa tahadhari. Tunalolijua kwa yakini ni kwamba Kiichiro alianza na injini ndogo ya baiskeli, na mnamo Septemba 1933 idara ya magari ikaanzishwa ndani ya kiwanda cha mitambo ya kufumia. Kisha akanunua Chevrolet mpya, akaifungua yote, kipande kwa kipande, kila kimoja kikapimwa na kuchorwa.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi nitoke Japani kidogo. Gari langu mimi ni Corolla ya mwaka wa 1998, niliyoinunua ikiwa kuukuu kutoka kwa mwalimu mwenzangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikipandisha kutoka Naivasha, niliipuuza sindano ya joto kwa sababu nilikuwa nimechelewa mkutano. Maji ya rejeta yalikuwa yamekwisha na injini ikazima. Kosa lilikuwa langu mimi. Nilivutwa hadi kwa fundi wa jua kali aliyefanya kazi chini ya mti, akaifungua injini na kuvipanga vipande vyake juu ya gunia kwa utaratibu ambao sikuuelewa. Nilimwuliza iwapo ana kitabu cha maelezo, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana ramani ya kwenda jikoni kwake. Alikuwa ameishia darasa la saba. Siku mbili baadaye gari liliwaka. Nilipokuja kusoma habari za ile Chevrolet, gunia lile ndilo lililonijia akilini. Sisi walimu huwapa wanafunzi maelezo ya injini kwenye ubao, na wengi wao humaliza chuo bila kuishika hata nati yake.

Kufungua, hata hivyo, ni jambo moja, na kuunda ni jingine. Watu wa Kiichiro walijua kusubu chuma cha mitambo ya nguo, lakini bloku ya injini ina njia za maji ndani yake, na kuta zake ni nyembamba. Mamia ya bloku zilitoka na matundu zikatupwa. Injini ya kwanza ilikamilika Septemba 1934, ikiwa na silinda sita na ujazo wa sentimita 3,389 za ujazo. Nguvu zake hazikufikia zile za Chevrolet iliyoigwa, ikabidi kichwa chake kirekebishwe. Kuiga huko hakukufichwa, na mimi sioni aibu yoyote ndani yake. Umbo la gari lao la abiria nalo lilifuata lile la Airflow ya kampuni ya Chrysler.

Mnamo Novemba 1935 lori la kwanza, aina ya G1, lilionyeshwa Tokyo. Wale wanaodhani kwamba Toyota ilizaliwa ikiwa imara wangepaswa kumiliki lori hilo! Liliharibika mara kwa mara barabarani, na walionunua walinunua kwa uzalendo zaidi ya kwa imani. Shotaro Kamiya, aliyekuwa ametoka General Motors mwaka huo huo kuja kusimamia mauzo, alijua kwamba mteja aliyekwama akiachwa hatarudi. Mafundi walitumwa lilipo lori, wakalitengeneza, na kasoro zikarudishwa kiwandani zifanyiwe kazi. Ni ule ule mtambo unaosimama uzi ukikatika, ila safari hii uzi ulikatikia barabarani, mbele ya macho ya watu.

Mwaka wa 1936 kampuni ilitangaza shindano la kubuni nembo, na michoro ipatayo 27,000 ikapokelewa. Mshindi aliandika jina kwa katakana, mwandiko wa silabi wa Kijapani, kama Toyota. Katika mwandiko huo silabi da ni ta iliyoongezewa vistari viwili vidogo juu yake. Ukiviondoa, sauti ghuna huwa sighuna, na mapigo ya kalamu katika jina zima hupungua kutoka kumi hadi manane, nambari ambayo kwa Wajapani ina bahati. Jina jipya pia lilionekana kuwa jepesi masikioni, tena lilitenganisha kampuni na ukoo. Sijui mfano mwingine wa fonolojia uliosafiri mbali hivi. Nasi Wakenya tukaongeza kioja chetu: matatu ya abiria 14 tuliizoea kuiita nissan, hata pale ambapo ilikuwa HiAce iliyotoka kwa Toyota yenyewe.

Kampuni ya magari ilisajiliwa tarehe 28 Agosti 1937. Rais wake wa kwanza alikuwa Rizaburo, shemeji yake Kiichiro, na Kiichiro mwenyewe akashika cheo hicho mwaka wa 1941. Kiwanda kikubwa kilifunguliwa Koromo mwaka wa 1938, na hapo ndipo alipodai kwamba kila kipande kifike kinapohitajika, kisitangulie wala kisichelewe. Mwalimu yeyote aliyewahi kupokea vitabu vya kiada muhula ukielekea ukingoni atauelewa uzito wa wazo hilo.

Nisimpake Kiichiro mafuta kupita kiasi. Sheria ya mwaka wa 1936 iliwabana Ford na General Motors kwa makusudi, na bila sheria hiyo huenda tusingelijua jina lake. Nyuma ya sheria hiyo lilikuwepo jeshi, na malori ya Koromo yalikwenda vitani. Tarehe 14 Agosti 1945, siku moja kabla ya Japani kutangaza kusalimu amri, ndege za Marekani zililipua sehemu ya kiwanda hicho. Vita vilipokwisha, kampuni ilijaribu hata kutengeneza sufuria ili watu wake wapate riziki.

Mtihani wake mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka wa 1949 sera kali ya fedha iliyokusudiwa kuzima mfumko wa bei iliikausha nchi. Walionunua malori kwa mkopo walishindwa kulipa, na mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi walikubali kupunguziwa mishahara kwa asilimia 10, na kampuni kwa upande wake ikaahidi kutomfukuza mtu. Benki zikaja na mkopo, na pamoja na mkopo masharti. Kitengo cha mauzo kikatengwa kuwa kampuni nyingine Aprili 1950, na wafanyakazi wapatao 1,600 wakatakiwa kuacha kazi. Mgomo ukaanza. Kiichiro, ambaye shinikizo la damu lilikuwa tayari linamsumbua, alikuwa amepinga kufukuza watu tangu mwanzo. Alipoona kwamba hakuna njia nyingine, watu wakaondoka, naye akaondoka. Alijiuzulu Juni 1950.

Nimebishana na mwenzangu mmoja wa idara ya historia juu ya kitendo hicho. Yeye husema kwamba nahodha haachi chombo katika dhoruba, na kwamba kujiuzulu hakukumrudishia kazi hata mfanyakazi mmoja. Hilo la pili ni kweli, na sina jibu lake. La kwanza silikubali. Neno lilikuwa lake, na lilipovunjwa, hata kama lilivunjwa na wenye fedha, hakubaki kwenye kiti akawaachia waliofukuzwa wabebe mzigo peke yao. Nimewaona wakubwa wengi wakitia sahihi barua za kuwafuta watu kazi na kubaki kwenye viti vyao, magari yao na madereva wao.

Kilichofuata kinauma. Tarehe 25 Juni 1950, wiki chache tu baada ya yeye kuondoka, vita vya Korea vilizuka. Mnamo Julai jeshi la Marekani likaagiza malori 1,000, na kampuni ikafufuka chini ya rais mpya, Taizo Ishida. Mapema mwaka wa 1952 Ishida alimwomba Kiichiro arudi kwenye uongozi. Kabla ya kurudi, alivuja damu kwenye ubongo akafariki tarehe 27 Machi 1952, akiwa na umri wa miaka 57.

Crown, gari la kwanza la kampuni hiyo kusifika kama gari kamili la abiria, lilitoka mwaka wa 1955. Corolla ilitoka mwaka wa 1966. Taiichi Ohno, aliyekuwa ameanzia kazi katika kampuni ya nguo ya ukoo huo, alilichukua wazo la kipande kufika kwa wakati akaligeuza kuwa mfumo unaofundishwa leo hadi katika hospitali. Mwaka wa 1959 mji wa Koromo ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota. Mjukuu wa Kiichiro, Akio, aliiongoza kampuni kama rais tangu mwaka wa 2009 hadi 2023, na katika miaka yote hiyo jina la gari liliandikwa kwa T na jina lake kwa D.