John Akii-Bua: bingwa wa dunia aliyelala kambini

Jumapili ya siku isiyo na magari hapa Kigali, barabara hujaa watu wanaokimbia: wazee kwa vijana, wenyeji kwa wakimbizi, bila mtu kumuuliza mwenzake ametoka wapi. Katika umati kama huo si rahisi kujua nani ni nani. Kijana aliyevaa viatu vilivyochakaa anaweza kuwa ndiye mwenye mbio kuliko wote.

Leo tunamkumbuka mtu aliyeijua hali hiyo vizuri. John Akii-Bua wa Uganda alikuwa bingwa wa Olimpiki na mwenye rekodi ya dunia. Miaka saba baada ya ushindi wake alivuka mpaka na familia yake, akawa mkimbizi kambini. Wengi waliozaliwa baada ya kifo chake hawalijui jina hili, ndiyo maana tunalisimulia.

Mchunga ng'ombe wa Abako

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Katika boma kubwa namna hiyo kila mtoto alikuwa na kazi yake, na kazi ya John ilikuwa kuchunga ng'ombe. Shule hakwenda nayo mbali. Alipokuwa kijana alishuka Kampala, akajiunga na polisi.

Wakati ule polisi wa Uganda walikuwa na timu nzuri za michezo, na lugha ya kazi kati ya askari waliotoka makabila mbalimbali ilikuwa Kiswahili. Huko ndiko kipaji chake kilipoonekana. Afisa mmoja wa polisi, Jorem Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji hodari wa kuruka viunzi, alimfundisha mchezo huo. Baadaye akaja kocha wa timu ya taifa kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, aliyemhamisha kutoka viunzi vya mita 110 hadi vya mita 400.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja, na njiani anaruka viunzi kumi, kila kimoja kikimfika mtu mzima karibu na kiuno. Akipunguza mwendo ili aruke vizuri, wenzake wanampita. Asipopunguza, huenda akajikwaa na kuanguka. Tena mita mia za mwisho huzikimbia mwili ukiwa umekwisha nguvu.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Alirudi nyumbani akazidisha mazoezi. Alikimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito, akiruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha mashindano, ili siku ya siku mwili uone kazi ni nyepesi. Mwaka 1971 alikuwa na muda bora kuliko wakimbiaji wote duniani katika mbio hizo. Hata hivyo wengi hawakumtilia maanani, kwa sababu alikuwa hajashindana mara nyingi na vigogo wa Ulaya na Marekani.

Munich, tarehe 2 Septemba 1972

Kwenye fainali ya Olimpiki mjini Munich, Ujerumani, Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Hakuna mkimbiaji wa viunzi anayeipenda njia hiyo, kwa kuwa kona zake ni kali na mtu anayetaka kuruka kwa kasi huvutwa nje. Aliyekuwa akitazamwa zaidi ni Mwingereza David Hemery, bingwa wa Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Mmarekani Ralph Mann naye alikuwepo.

Walipotoka kwenye kona ya mwisho, askari huyo wa Kampala alikuwa akiwaacha. Alivuka mstari kwa sekunde 47.82. Hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi kana kwamba mbio ndiyo kwanza zinaanza, huku watu wakimshangilia.

Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki. Waganda walikaa miaka 40 kabla ya kupata nyingine, Stephen Kiprotich alipoishinda marathoni ya London mwaka 2012.

Sifa na hofu

Nyumbani alipokelewa kama shujaa. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda tena dhahabu kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos.

Lakini Uganda ilikuwa imeingia gizani. Utawala wa Amin uliwaandama Walango na Waacholi, na wengi wao waliuawa, hasa katika jeshi na polisi. Akii-Bua alikuwa Mlango. Utawala ulimtumia kama kielelezo, kuuonyesha ulimwengu kwamba Walango wanaishi salama, kwa kuwa mmoja wao ana nyumba na cheo. Ikawa sifa yake inafunika vilio vya watu wake mwenyewe, naye hakuwa na uwezo wa kufungua kinywa. Wanaosoma habari hii kutoka nchi zenye vita watauelewa mtego huo bila kuelezwa: ukikaa kimya unaitwa msaliti, ukisema unapotea.

Mwaka 1976 alikuwa tayari kwenda kuutetea ubingwa wake Montreal, Kanada. Nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, ziligomea michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mmarekani Edwin Moses akashinda kwa sekunde 47.64 na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Ulimwengu haukupata kuwaona wawili hao wakikutana kwenye fainali hiyo.

Njia ya mpakani

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, na tarehe 11 Aprili mji ukaanguka. Wengi walishangilia. Akii-Bua aliogopa. Alikuwa afisa wa polisi, na watu walikuwa wamemwona akipewa zawadi na Amin. Nani angemsikiliza akieleza kwamba kabila lake ndilo lililochinjwa?

Alikimbilia Kenya na familia yake. Mkewe alikuwa mjamzito, na uchungu ulimshika kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa, lakini hakuishi. Huzuni hiyo waliingia nayo Kenya, na huko mtu aliyewahi kuwa mwepesi kuliko wote duniani akawekwa katika kambi ya wakimbizi.

Kilichomtoa ni viatu. Munich alikuwa amekimbia na viatu vya kampuni ya Puma ya Ujerumani, na watu wa kampuni hiyo walikuwa bado wanamkumbuka. Habari zake zilipowafikia, walishughulika hadi akatoka, wakampeleka Ujerumani na kumpa kazi. Alikaa huko miaka kadhaa. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda kwenye Olimpiki ya Moscow, akafika nusu fainali. Alikuwa na miaka 30, na miaka ya hofu na ukimbizi ilikuwa imemla miguu.

Baadaye alirudi Uganda, akarejea kwenye polisi na kufundisha vijana riadha. Mkewe alitangulia kufariki. Yeye mwenyewe alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akiacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Tunabaki na nini?

Kuna jambo moja katika maisha haya linalostahili kufikiriwa na kila mmoja wetu, mkimbizi na mwenyeji. Akii-Bua alitoka kambini kwa sababu kulikuwa na mtu nje aliyemjua. Je, wale waliolala karibu naye ambao hakuna kampuni iliyowajua? Bila shaka miongoni mwao walikuwepo mafundi, walimu, wauguzi na wakimbiaji. Shida ilimpata yeye kama ilivyowapata wao, lakini mlango ulifunguliwa kwake peke yake.

Siku hizi milango imeongezeka kidogo. Tangu Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ipo timu ya wakimbizi, na katika wanamichezo 10 wa kwanza walikuwemo Wakongomani wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliokuwa wakiishi Brazil. Mwaka 2024 mjini Paris, bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun anayeishi Uingereza, aliipatia timu hiyo medali yake ya kwanza, ya shaba. Mwaka 1979 hakukuwa na timu ya namna hiyo.

Kwa hiyo wewe uliyeko Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa au hapa mjini Kigali, unapoulizwa unajua kufanya nini, usione haya kusema. Taja kazi yako, elimu yako na mchezo wako, hata kama vyeti vilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Nawe mwenyeji, unapomwona kijana wa kambini anakimbia barabarani asubuhi, mpe nafasi akimbie na wanao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwezi kujua mgeni wako alikuwa nani kabla hajavuka mpaka, wala atakuja kuwa nani kesho.