Meja Jenerali David Bruce na Ramani Mbili za Entebbe

Tulipokuwa makadeti tulifundishwa jambo moja mapema kuliko hata kulenga shabaha: kufunga kinywa. Askari hasemi kikosi chake kinakwenda wapi, hasemi kina risasi ngapi, wala hamwandikii mchumba wake jina la mto atakaouvuka kesho. Somo hilo ni la haki na hatulikanushi. Lakini leo tumekusudia kuwasimulia wasomaji wetu wa kambini na wa vituo vya polisi maisha ya mwanajeshi mmoja ambaye adui yake hakuwa na masikio ya kusikia siri. Adui huyo alikuwa mdudu asiyeonekana kwa macho, na kila siku ambayo habari zake zilifichwa baina ya mtu na mtu, aliendelea kuua.

David Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 29 Mei 1855, kwa wazazi Waskoti. Alirudishwa Scotland akiwa na umri wa miaka mitano, akasoma Stirling, akaacha shule akiwa na miaka 14 na kwenda kufanya kazi Manchester. Alikuwa kijana mwenye kifua kipana aliyependa ndondi, na huenda angaliishia katika michezo kama ugonjwa wa mapafu usingalimwangusha akiwa na miaka 17. Akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu udaktari mwaka 1881. Mwaka 1883 alifanya mambo mawili makubwa: alimwoa Mary Elizabeth Steele, na alijiunga na idara ya tiba ya jeshi la Uingereza. Mwaka uliofuata wakapelekwa kisiwa cha Malta.

Huko Malta askari walikuwa wakiugua homa ndefu isiyokuwa na adabu. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na mtu aliweza kulazwa miezi mingi bila kufa wala kupona. Jeshi halikuwa na maabara pale. Bruce alijinunulia hadubini na kujifunza mwenyewe. Mwaka 1887, kutokana na wengu za askari waliofariki, aliotesha kijidudu kidogo cha duara na kuthibitisha kuwa ndicho chanzo. Katika kazi hiyo alisaidiwa na daktari Mmalta, Giuseppe Caruana Scicluna. Wasomaji walishike jina hilo, kwa kuwa vitabu vingi vimelisahau. Hata hivyo, njia ambayo kijidudu kilitumia kumfikia askari ilibaki fumbo kwa miaka 18 mingine.

Baada ya kusoma Berlin katika maabara ya Robert Koch na kufundisha katika chuo cha tiba cha jeshi, Bruce alipelekwa Natal, Afrika ya Kusini, mwaka 1894. Gavana wa huko alikuwa amemfahamu Malta. Akamwomba aende Zululand kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe ambao wenyeji waliuita nagana. Bruce na mkewe walisafiri kwa gari la maksai mpaka mlima Ubombo, wakakaa katika kibanda cha miti na udongo. Baraza ndiyo iliyokuwa maabara. Humo waliona katika damu ya wanyama wagonjwa kiumbe kinachojinyonganyonga kama mkunga mdogo, ambacho wataalamu hukiita tripanosoma. Wenyeji walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ugonjwa huo una uhusiano na wanyama wa porini. Bruce hakulidharau neno hilo. Alichunguza damu ya wanyama wa mwitu, akaona kwamba nyati na kulungu hubeba kiumbe kile bila kuugua, na kwamba mbung'o ndiye anayekitoa kwao na kukitia kwa ng'ombe.

Hapa ndipo tunapoanza kumpenda mtu huyu. Hakukikalia kile alichokipata. Alichapisha taarifa yake, na mwaka 1896 alimpeleka Uingereza mbwa mwenye ugonjwa ule ili wengine wautazame kwa macho yao. Kutoka kwa damu hiyo wataalamu wa nchi zaidi ya moja walifanya majaribio yao wenyewe, na mwaka 1899 wawili wao, Plimmer na Bradford, walikipa kiumbe kile jina la Bruce. Yeye wakati huo alikuwa karibu kufungiwa Ladysmith. Kuanzia Novemba 1899 mpaka Februari 1900 mji huo ulizingirwa na Makaburu; Bruce aliendesha hospitali na kupasua majeruhi, na Mary alikuwa muuguzi katika chumba cha upasuaji, akapewa nishani kwa ujasiri wake.

Sasa tuje kwenye ziwa letu. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo waliona wagonjwa wa kwanza wa malale, ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota. Mtu aliumwa kichwa, akakonda, akasinzia akiwa na chakula mdomoni, na mwisho hakuamka. Katika miaka michache ulikumba Busoga, Buganda na visiwa, na idadi ya waliokufa huhesabiwa kuwa zaidi ya laki mbili. Chama cha Kifalme cha wanasayansi cha London kilileta tume ya kwanza mwaka 1902. Wajumbe wake waligawanyika, na aliyebaki Entebbe akiendelea na kazi alikuwa Mwitaliano kijana, Aldo Castellani.

Mnamo Novemba 1902 Castellani aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa wa malale. Hakuwa na hakika ya maana yake, kwa kuwa alikwisha kuamini kwamba bakteria wa aina nyingine ndio waliosababisha ugonjwa. Bruce alipowasili Entebbe mwezi Machi 1903, pamoja na Mary, Dakta David Nabarro na Sajini Gibbons wa kikosi cha tiba, Castellani alimfunulia jambo hilo, lakini kwa masharti: Nabarro asiambiwe, naye Castellani aachiwe kuendelea na kuandika matokeo kwa jina lake peke yake.

Fikirini, ndugu wasomaji. Ng'ambo ya bustani watu wanakufa, na ndani ya nyumba wataalamu wanapatana nani aambiwe na nani asiambiwe. Bruce alikubali. Wengine humsifu kwa kukubali, wakisema alimheshimu mgunduzi. Sisi tunaona alikuwa katika mtego, kwa sababu kukataa kungalichelewesha kazi zaidi. Alimpa Castellani msaada, na katika majuma machache tripanosoma ilionekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliochunguzwa, wala haikuonekana katika uti wa mgongo wa watu wasiokuwa na malale. Castellani aliondoka Aprili. Lakini deni la siri halikuisha. Mwaka 1908 ugomvi ulizuka hadharani katika gazeti la The Times la London juu ya nani hasa aliyegundua chanzo cha malale, na watu wazima wenye vyeo walitupiana barua kama wanafunzi wanaogombania kalamu.

Tuuache ugomvi huo, maana kilichofuata Entebbe ni kizuri zaidi. Bruce alikumbuka Zululand, akauliza kama kuna mbung'o kando ya ziwa. Walikuwapo tele, na Waganda walimfahamu vyema inzi huyo, wakimwita kivu. Swali likawa: je, mahali pa inzi ndipo mahali pa ugonjwa? Kikosi cha watu wanne au watano kisingaliweza kulijibu hata kwa miaka kumi. Bruce alikwenda kwa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, na kwa wamisionari na maofisa wa wilaya, akawaeleza wazi anachotafuta na sababu yake. Machifu wakatuma watu wao kukamata inzi wanaouma na kuwaleta pamoja na majina ya mahali walipokamatwa, na habari za vijiji vyenye wagonjwa na visivyo nao.

Zilipatikana ramani mbili, moja ya inzi na moja ya ugonjwa. Zilipolinganishwa, kanda zilizotiwa alama zilikuwa karibu ni zile zile: ukanda mwembamba wa pwani ya ziwa na visiwa vyake. Askari yeyote aliyewahi kukaa chumba cha operesheni anajua thamani ya ramani ya namna hiyo, na anajua pia kwamba haichorwi na ofisa aliye mezani bali na doria zilizokwenda na kurudi. Majina ya wavuvi na vijana waliokamata inzi hao kwenye matete, huku wakiumwa nao, hayakuandikwa popote tunapopajua. Majaribio ya kima yakathibitisha yale ambayo ramani zilikuwa zimekwisha kusema.

Wakati huo huo fumbo la Malta lilirudi. Mwaka 1904 iliundwa tume ya pamoja ya jeshi la nchi kavu, jeshi la majini na serikali ya kisiwa, Bruce akiwa mwenyekiti wake. Yeyote anayejua wivu uliopo baina ya majeshi ya nchi moja ataelewa kwamba kukaa meza moja kulikuwa ushindi wa kwanza. Mwezi Juni 1905 mjumbe Mmalta, Dakta Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi sita waliodhaniwa kuwa hawawezi kuupata ugonjwa. Watano walionyesha dalili zake. Mbuzi hao wenye afya ya kupendeza walipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi, nao walikuwa wakimwaga homa ndani ya vikombe vya askari. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yalipigwa marufuku kambini. Mwaka 1905 jeshi lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 600. Mwaka 1907 hawakufika hata 20.

Hapa hatuna budi kusema lisilopendeza. Marufuku hiyo iliishia kwenye lango la kambi. Raia wa Malta waliendelea kunywa na kuugua kwa miaka mingi, na mpango wa kuchemsha maziwa kiwandani ulianza huko mwaka 1938 tu. Tena, kwa muda mrefu ugunduzi wa mbuzi uliandikwa kwa jina la Bruce, na Zammit akawekwa pembeni. Bruce mwenyewe hakufanya bidii kubwa ya kusahihisha. Alikuwa mtu mkali wa maneno, mwenye kupenda amri, na sifa alizijua ladha yake.

Lakini alijua pia kukubali kosa, na hilo lilionekana aliporejea Uganda mwaka 1908 na kuweka kambi Mpumu, karibu na ziwa. Tangu Zululand yeye alifundisha kwamba mbung'o hubeba ugonjwa mdomoni kama sindano chafu, na kwamba baada ya siku mbili huwa hana madhara. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, daktari Mjerumani Friedrich Kleine alifanya subira ambayo Bruce hakuifanya: aliwatunza inzi wale wale siku baada ya siku. Akaona kwamba hukaa karibu siku 20 bila madhara, kisha huanza kuambukiza, kwa maana kiumbe kile hukua ndani yao kwanza. Akatangaza mwaka 1909.

Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikishindana kuunda manowari wakati huo. Hata hivyo, mwaka 1908 nchi hizo mbili zilikuwa zimetia sahihi mapatano juu ya malale, na ofisi ilikwisha kufunguliwa London kukusanya na kuchapisha habari za ugonjwa huo kutoka kila upande. Bruce angaliweza kunyamaza au kubisha. Alirudia jaribio la Kleine pale Mpumu, na mwaka ule ule akathibitisha kwamba Mjerumani alisema kweli na yeye alikosea. Kwa mafunzo ya kosa hilo, wenzake walikwenda kukamata inzi katika pwani ambazo serikali ilikuwa imewahamisha watu wote, wakakuta kwamba hata baada ya miaka miwili bila binadamu inzi walikuwa bado na sumu yao. Wanyama wa porini walikuwa ghala. Kama pwani zile zingalifunguliwa kwa kuitegemea ile hesabu ya siku mbili, maelfu wangalirudi kwenye makaburi yao.

Bruce alifanya kazi tena Nyasaland kuanzia 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza chuo cha tiba cha jeshi London, akishughulika na pepopunda na homa ya mahandaki. Alistaafu mwaka 1919 akiwa Meja Jenerali. Mwaka 1920 kijidudu cha Malta nacho kilipewa jina lake, kikaitwa Brucella.

Mary alikuwa naye katika karibu safari zote. Ndiye aliyechora picha za tripanosoma ambazo maabara za dunia zilitumia kuzitambua, na aliyepaka rangi maelfu ya vioo vya damu. Alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Bruce, aliyekuwa mgonjwa, aliagiza kwamba yeyote atakayeandika maisha yake aeleze kwa ukamilifu sehemu ya mkewe katika kazi hiyo. Siku nne baadaye, ibada ya mazishi ya Mary ikiwa inaendelea, naye akakata roho.