Bob Good: Alipaa, akaanguka, akarudi wodi ya watoto

Labda nawe umewahi kuongezwa kwenye grupu ya WhatsApp ya harambee: mtoto wa fulani anapelekwa India kupandikizwa uboho. Ukatuma mia mbili yako, ukaweka emoji ya maombi, ukaendelea na shughuli. Sasa skiza kisa cha jamaa aliyeufungua huo mlango.

Robert Good, wengi wakimwita Bob, alizaliwa 1922 katika mji mdogo wa Crosby, jimbo la Minnesota, Marekani. Baba yake aliuawa na kansa Bob akiwa bado mdogo sana. Akiwa mwanafunzi, maradhi yanayofanana na polio yakampooza. Akainuka, lakini akabaki akichechemea. 1947 akamaliza udaktari wa tiba na shahada ya uzamifu kwa mpigo, Chuo Kikuu cha Minnesota. (Sisi wengine hata moja ilitushinda, lakini tuyaache hayo.)

Kilichomvuta ni watoto wanaozaliwa bila kinga ya mwili. Hebu fikiria ploti haina geti wala soja. Homa ndogo tu, ile wewe unameza tembe unaenda job, inamwua mtoto kama huyo. Masoja wa mwili huzaliwa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo katikati ya mfupa. Mapema miaka ya 1960, timu ya Good ilikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba baadhi yao hufunzwa kazi kwenye thimasi, tezi ndogo ya kifuani ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa haina maana.

1968 akaletewa mvulana wa miezi mitano. Ukoo wao ulikuwa umezika watoto wa kiume zaidi ya kumi, na wote walikufa wachanga. Dada yake, msichana wa umri wa shule ya msingi, alikuwa na seli zilizokaribia kufanana na zake. Hazikulingana kabisa, ila kungoja ilikuwa sawa na kuchimba kaburi lingine. Good na wenzake wakatoa uboho wa dada, wakamdunga mtoto tumboni.

Ukashika. Halafu mambo yakageuka: masoja wapya wakamwona mwenye nyumba kama mwizi, wakaanza kumshambulia, na uboho wake wa zamani ukaharibika. Ungekuwa wewe daktari, ungefanya nini? Good alirudi kwa dada yule yule, akapandikiza mara ya pili. Safari hii ukakaa. Hata grupu ya damu ya mtoto ikabadilika, ikawa ya dada yake. Kijana akakua hadi utu uzima.

Bob akawa staa. 1973 sura yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time, naye akapewa usukani wa taasisi ya Sloan-Kettering, New York.

Mwaka uliofuata, noma. William Summerlin, mtafiti aliyekuja naye kutoka Minnesota, alidai anaweza kupandikiza ngozi ya mnyama mmoja kwa mwingine bila mwili kuikataa. Asubuhi moja, akienda kumwonyesha bosi panya wake weupe, alichukua kalamu ya wino akawachora madoa meusi. Mtu wa maabara, si profesa, akapangusa doa kwa spiriti, likatoka. Kamati iliyochunguza ilisema Good hakushiriki udanganyifu huo, lakini ikamlaumu kwa kuyapigia debe matokeo ambayo hayakuwa yamethibitishwa. Mimi naona hapo alistahili lawama. Ukishazoea kupigiwa makofi, unaacha kukagua kazi ya watu wako.

Uongozi ukamtoka 1980. 1982 akahamia Oklahoma. Wengi tulidhani stori ingeishia hapo, mzee apumzike na pensheni yake.

Lakini 1985, akiwa na miaka 63, akaingia All Children's Hospital, hospitali ya watoto mjini St. Petersburg, Florida, akawa daktari mkuu, akaanzisha huko mpango wa kupandikiza uboho. Hiyo kazi haina kamera. Kwanza mtoto hupewa dawa kali za kuua uboho mbovu, nywele zikatoka, mdomo ukajaa vidonda. Siku ya kupandikiza huitwa siku sifuri, na ukiwa hapo utashangaa: ni mfuko tu kama wa damu, unadondoka mshipani polepole. Baada ya hapo mtoto hufungiwa chumba chenye hewa iliyochujwa, na kila asubuhi seli nyeupe zinahesabiwa. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Wiki mbili, tatu, mama anatazama karatasi ile ile. Mpaka asubuhi moja namba inasonga.

Good aliendelea na watoto huko miaka mingi. Alifariki Juni 2003 mjini humo humo, akiwa na miaka 81. Kansa ilimchukua, kama ilivyomchukua baba yake.