Jimi Hendrix: Gita lilikuwa lake, santuri ziliamuliwa na wengine

Sisi tuliozoea kusikiliza muziki kwa simu hudhani albamu ni kitu kimoja: unabonyeza, inacheza, basi. Sasa hebu kaa na mtu anayekusanya santuri za roki za zamani. Atakuonyesha nakala tano za albamu moja na kuapa kwamba hakuna mbili zinazofanana. Atainua santuri kwenye mwanga asome herufi na namba zilizochorwa sehemu tupu karibu na lebo, maana ndizo humwambia ilichongwa kutoka bamba lipi. Na ukitaka mjadala usiisha leo, mtajie Jimi Hendrix.

Jamaa alizaliwa Seattle, Marekani, Novemba 27, 1942. Nyumbani kulikuwa na umaskini, pombe na vita vya wazazi. Mamake, Lucille, alifariki 1958 na watoto hawakupelekwa mazishini. Mwaka huo huo alipata gita lake la kwanza, kuukuu, la dola 5. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hivyo magita ya mkono wa kulia aliyageuza juu chini na kuendelea na shughuli. Shule ya upili hakumaliza (sisi tulioacha masomo njiani tunampigia saluti). 1961 alinaswa mara mbili kwenye magari ya wizi, ikawa ni jela au jeshi. Akachagua jeshi la miavuli, akatoka 1962, akawa mpiga gita wa kukodishwa nyuma ya Isley Brothers na Little Richard.

Oktoba 1965, akiwa hana mbele wala nyuma jijini New York, alitia saini mkataba na prodyuza Ed Chalpin kwa dola 1 na asilimia 1 ya mauzo. Ndiyo, dola moja! Mwaka uliofuata Chas Chandler, mpiga besi wa The Animals, alimsikia Cafe Wha? na mwezi Septemba akampeleka London. Huko wakawapata Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma, na mambo yakawaka.

Albamu ya kwanza, Are You Experienced, ilitoka Uingereza Mei 1967, ikiwa ya mono. Ilipofika Marekani Agosti, kampuni ya Reprise ilikuwa imetoa nyimbo tatu, ikiwemo Red House, na kuingiza Hey Joe, Purple Haze na The Wind Cries Mary. Waingereza wakati huo hawakuwa na mazoea ya kuweka singo kwenye albamu. Wamarekani walitaka vibao ndani. Kwa hivyo vijana wawili, mmoja London na mwingine Chicago, walikuwa na albamu ya jina moja lakini si albamu moja. Red House, bluzi tamu ajabu, Wamarekani waliipata 1969 kwenye Smash Hits, na hata hapo ilikuwa rekodi nyingine kabisa.

Desemba 1967 ule mkataba wa dola moja ukaamka. Santuri iitwayo Get That Feeling ilitoka Marekani ikiwa na picha yake kubwa kwenye jalada. Ndani? Ni bendi ya Curtis Knight, Hendrix akiwa mpiga gita tu. Watu walinunua wakidhani ni kazi yake mpya.

Mwezi huo huo Axis: Bold as Love ilitoka Uingereza, na nusura isitoke. Hendrix alisahau kanda mama ya upande wa kwanza ndani ya teksi. Ikabidi yeye, Chandler na fundi Eddie Kramer wachanganye sauti upya kwa usiku mmoja. If 6 Was 9 iliwashinda, wakatumia nakala aliyokuwa nayo Redding, kanda iliyokunjamana hadi ikapigwa pasi. Ukiisikiliza albamu hii kwa stirio, gita linakuzunguka kichwani, sikio hili hadi lile. Kwenye mono mzunguko huo haupo. Mimi nachagua stirio bila kufikiri mara mbili, ingawa chapa ya mono ya Marekani ni adimu na bei yake si mchezo.

Electric Ladyland, 1968, ndiyo iliyomuuma. Aliiandikia Reprise barua akiomba jalada liwe picha iliyopigwa na Linda Eastman: bendi na watoto wameketi kwenye sanamu ya Alice in Wonderland, Central Park. Reprise ikaweka picha nyingine. Track, kampuni yake ya Uingereza, ikaenda mbali zaidi na kuweka wanawake 19 walio uchi. Hakupendezwa hata kidogo, na maduka mengine yaliiuza ikiwa imefunikwa.

1970 albamu ya Band of Gypsys ilipewa kampuni ya Capitol ili kumaliza kesi ya Chalpin. Septemba 18 mwaka huo alifariki London, akiwa na miaka 27. Hakuacha wosia. 1975 ikatoka Crash Landing, ambamo sauti za wenzake zilifutwa na kujazwa wanamuziki wa kukodi, baadhi yao hakuwahi kukutana nao. Babake, Al, alirudishiwa haki za muziki huo 1995, baada ya kesi.

Picha ya Linda iliwekwa kwenye jalada 2018, Electric Ladyland ilipotimiza miaka 50. Lakini wakusanyaji bado wanahangaikia ile ya Track, hasa chapa ya kwanza yenye maandishi ya buluu ndani ya jalada. Yaani ile ile aliyoikataa mwenyewe.