Komanda Spicer-Simson na masua mbili zilizopita katika pori



Mara nyingi tukisikia habari za masua za vita tunafikiri bahari kubwa tu, mbali sana na kwetu. Lakini vita ya 1914 ilifika hata kwenye maziwa yetu. Mwezi wa 9 mwaka ule Wadachi waliokuwa upande wa Rwanda walikamata kisiwa cha Idjwi, hapa katika Ziwa Kivu, na Wabeleji hawakukirudisha mpaka 1916. Katika Ziwa Tanganyika hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa 8 mwaka wa 1914 masua ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, iliharibu masua ya Wabeleji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Tangu siku ile Wadachi walikuwa wenye ziwa lote, wakapitisha askari na vitu vyao kama walivyotaka. Mtu aliyetumwa kuvunja nguvu yao ni Geoffrey Spicer-Simson.

Maisha yake ya kwanza

Alizaliwa mwaka wa 1876 katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Angali mtoto wazazi walihamia Ufaransa, ndiyo maana alijua Kifaransa vizuri. Alipofika miaka 14 aliingia katika jeshi la majini la Uingereza. Kazi aliyoijua sana ilikuwa kupima maji na kuchora karte. Alipima mto Yangtze kule China, kisha mto Gambia katika Afrika ya magharibi.

Lakini alikuwa mtu wa kujisifu, tena bahati yake haikuwa nzuri. Wenzake walipanda cheo, yeye akabaki fasi moja. Mwezi wa 11 mwaka wa 1914 masua ya vita Niger, moja ya zile alizopewa kusimamia, ilizamishwa na adui karibu na pwani ya Uingereza, na yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu. Basi wakubwa walimweka kwenye kiti cha ofisi.

Safari ya ajabu

Mwaka wa 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alipeleka shauri kwa wakubwa wa jeshi la majini kule London: kupeleka masua ndogo mpaka Tanganyika kwa kupitia Afrika ya Kusini na Kongo. Shauri lilikubaliwa. Maofisa wengi walikuwa tayari vitani, kwa hiyo kazi ilimwangukia Spicer-Simson. Alipewa watu wasiozidi 30 na masua mbili za mbao zenye mashini ya petroli, kila moja urefu wa mita 12. Alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa walikatala. Basi akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa ni yaleyale tu, sauti ya paka na jina la mbwa katika mdomo wa mtoto.

Walitoka Uingereza mwezi wa 6. Walifika Cape Town, wakapakia masua juu ya gari la moshi mpaka Fungurume katika Katanga. Pale njia ya gari la moshi iliisha. Mbele yao kulikuwa zaidi ya kilometa 200 za pori na milima ya Mitumba, kufika karibu mita 2,000 juu.

Hapa, ndugu wanafunzi, tusisome haraka. Nani alipitisha masua zile? Vitabu vinasema Spicer-Simson. Lakini mamia ya watu wa Katanga walikata miti, wakatengeneza njia na kujenga zaidi ya vilalo 100. Mashini mbili za mvuke zilikokota masua, na ziliposhindwa kupanda, ng'ombe na watu walivuta kwa kamba. Mashini zile zilikunywa maji mengi, tena ilikuwa wakati wa jua kali. Wanawake wa vijiji walileta maji kwa mitungi kichwani kusudi zisisimame. Majina ya watu wale hatuyaoni katika vitabu.

Kutoka Sankisia walipanda tena gari la moshi mpaka Bukama, wakashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, kisha gari la moshi mpaka Lukuga, mji tunaouita leo Kalemie. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa 10.

Vita juu ya maji

Siku ya 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1915, masua ndogo ya Wadachi, Kingani, ilikuja kupeleleza. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu. Mimi na Toutou zilikuwa na mbio zaidi, zikaifuata kwa nyuma. Dakika 11 tu, kapitani wake alikuwa amekufa na masua imekamatwa. Waliitengeneza wakaiita Fifi. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916, Mimi na Fifi zilizamisha Hedwig von Wissmann.

Sifa zilimjaa Spicer-Simson. Alivaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mke wake, na mwili wake ulijaa chale za picha. Inasemwa Waholoholo wa pale walifinyanga sanamu zake.

Lakini kesho yake masua ya tatu ilionekana, Graf von Goetzen, yenye urefu wa karibu mita 70 na mzinga mkubwa. Watu wake walikuwa tayari kupigana. Yeye alikatala. Pengine alifikiri vizuri, kwani mzinga ule ungevunja masua zake za mbao mara moja. Mwezi wa 6 alikwenda kusini, Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Aliona mizinga juu ya boma, akaogopa kukaribia, na usiku Wadachi walitoroka kwa mitumbwi. Baadaye ikaonekana mizinga ile ilikuwa ya mti tu. Aligombana na mkubwa wa askari wa nchi kavu, akaanza kuugua rohoni, akarudishwa kwao.

Goetzen haikuzamishwa naye. Ndege za Wabeleji zilitupa mabomu Kigoma, na askari wao, wengi wao Wakongomani, walikaribia kwa miguu. Siku ya 26 mwezi wa 7 mwaka wa 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha, mafundi wakiwa wamepaka mashini zake mafuta mengi. Mwaka wa 1924 Waingereza waliitoa majini, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka wa 1997 ilibeba hata wakimbizi wa nchi yetu waliokuwa wakirudi nyumbani.

Mwisho wake

Uingereza ilimpa nishani, na Ubelgiji vilevile, lakini hakupewa tena masua ya kuongoza. Mwaka wa 1919 alitumika katika mapatano ya amani kule Ufaransa. Tangu 1921 mpaka 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya mataifa ya kupima bahari, kule Monaco. Hapo alirudia kazi yake ya zamani: karte zinazosaidia masua za nchi zote zisigonge mwamba. Alikufa mwaka wa 1947 kule Kanada.

Basi tumwite shujaa ao mwoga? Alishinda mara mbili, akashindwa mara mbili, na miaka 16 ya Monaco ambayo watu hawaitaji pengine iliokoa watu wengi kuliko vita vyake vyote. Na sisi tunaosoma historia, tukiona jina moja kubwa juu ya kazi kubwa, tuulize mara moja: kamba ilivutwa na nani, na maji yalibebwa na nani?