Spurgeon Alipozungumza na Moyo Wake

Mliokuwa ibada ya pili Jumapili mlisikia kipande cha hadithi hii, lakini muda ulituishia nikaikatiza. Naiandika hapa yote kwa sababu baada ya ibada watu wanne walinishika mkono pale mlangoni, na kila mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli hata pasta hupatwa.

Ndiyo, hata mimi. Mwaka jana nilikuwa kwenye matatu, tumekwama kwa jam, dirisha halifunguki. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, jasho baridi likanitoka. Nilijua nakufa. Hospitalini daktari alinipima moyo akasema ni mzima kabisa. Akanieleza kwamba lile ni shambulio la hofu: mwili unapiga king'ora cha hatari wakati hakuna hatari, moyo na pumzi vinakimbia kana kwamba kuna simba nyuma yako. Mara nyingi hufika kilele kwa dakika kama 10 hivi, halafu huanza kushuka. Nilifurahi, kisha nikaona haya. Mhubiri wa imani anaogopa matatu? Nikanyamaza miezi mizima, hata mke wangu sikumwambia yote.

Kilichonifungua mdomo ni maisha ya Charles Spurgeon.

Spurgeon alizaliwa 1834 huko Kelvedon, Essex, Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri, babu yake pia. Aliokoka Januari 1850, akiwa na miaka 15, siku ya theluji nyingi, alipoingia kanisa dogo la Wamethodisti mjini Colchester kwa sababu hali ya hewa ilimzuia kufika alikokuwa akienda. Hakusomea chuo cha theolojia. Lakini alipofika London mwaka 1854 kuchunga kanisa la New Park Street, kijana wa miaka 19, baada ya muda mfupi watu walikuwa hawatoshei ndani. Wakaanza kukodi kumbi. Magazeti yalimcheka, ati mtoto wa kijijini anayepiga kelele.

Mwaka 1856 ulianza vizuri kwake. Januari alimwoa Susannah. Septemba wakapata mapacha, wavulana wawili. Mwezi mmoja baadaye, jioni ya Oktoba 19, kanisa lilikodi ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens. Waliingia watu zaidi ya 10,000, na wengine wengi wakabaki nje. Ibada ilikuwa imeanza tu pale mtu alipopiga kelele kwamba kuna moto. Wengine wakadakia kwamba roshani zinaanguka. Hakukuwa na moto, wala hakuna kilichoanguka. Lakini watu walikimbilia ngazi, wakakanyagana, na saba wakafa. Wengine 28 walijeruhiwa vibaya.

Mhubiri alikuwa na miaka 22. Hakujua kwamba kuna waliokufa, akajaribu kutuliza watu na kuendelea, mwishowe akabebwa kutoka humo karibu kuzimia.

Hapa ndipo naomba tusome polepole. Huyu hakuwa mtu wa imani ndogo. Lakini siku zilizofuata alilia mchana, na usiku ndoto zikamtisha. Kuiona tu Biblia kulimtoa machozi. Walimhamishia kwa rafiki huko Croydon ili apumzike, na magazeti nayo yakawa yanamlaumu kwa vifo vile. Mke wake, mwenye vichanga viwili mkononi, alidhani huenda hatahubiri tena. Mimi siwezi kumpima mtu aliyekufa 1892 nikampa jina la ugonjwa. Lakini nikisoma habari zake nautambua ule mwili unaotetemeka. Na nashukuru hakuna aliyemwambia, pale Croydon, kwamba ana pepo. Kwetu wapo ambao wangemwambia. Samahani, lakini ni kweli.

Kilichotokea ni kidogo sana ukikitazama kwa nje. Alikuwa akitembea bustanini na Susannah, akasimama ghafla. Neno la Wafilipi 2:9 lilimjia, kwamba Mungu amemwadhimisha Kristo juu ya wote. Akaanza kusema na nafsi yake: kama Yesu ametukuzwa, basi hilo latosha, hata iwe nini kwangu mimi. Susannah alisema uso wake ulibadilika pale pale.

Hakujiambia kwamba yeye ni shujaa. Hakujiambia kwamba halikuwa jambo kubwa, maana watu saba walikuwa kaburini. Siku hizi tunafundishwa kujisemea maneno mazuri, na mimi sipingi, lakini hofu ikipanda, neno la kujisifu halishiki. Ukijiambia una nguvu huku magoti yanagonga, moyo unakujibu kwamba unadanganya. Spurgeon alijiambia jambo ambalo lilikuwa kweli hata kama anatetemeka. Ndivyo anavyofanya mwandishi wa Zaburi ya 42 pia: anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama, kisha anaiamuru imtumaini Mungu. Anafanya hivyo mara mbili katika zaburi hiyo, na tena katika ya 43. Mara moja haikumtosha.

Baada ya wiki mbili hivi Spurgeon alirudi mimbarini. Novemba hiyo hiyo akarudi kwenye ukumbi ule ule, safari hii ibada ikiwa asubuhi, na akaendelea kuhubiri hapo hadi mwisho wa 1859. Oktoba 1857, siku ya Jumatano, alihubiria watu zaidi ya 23,000 katika Crystal Palace, bila kipaza sauti. Usiku huo akalala, na hakuamka mpaka Ijumaa asubuhi.

Lakini msidhani iliisha. Miaka mingi baadaye, umati ukisukumana, ile hofu ya Surrey Gardens ilimrudia, akabaki amekishika kichwa. Huzuni nzito na ugonjwa wa jongo vilimfuata hadi kifo chake huko Menton, Ufaransa, akiwa na miaka 57. Hakuvificha. Aliwaandalia wanafunzi wa chuo chake mhadhara mzima kuhusu wahubiri wanaozimia moyo, na humo hakuwakemea. Aliwaambia sababu nyingine ni mwili tu: kazi nyingi bila pumziko, kukaa ndani bila hewa. Aliwashauri watoke nje wakatembee.

Mimi nimeokota haya. Hofu ikinishika kwenye matatu, kwanza natoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta. Halafu nauambia mwili wangu, kwa jina langu, kwamba umeshtuka, kwamba umewahi kushtuka hivi na ukatulia, na kwamba Yesu bado yuko kwenye kiti chake. Nasema tena. Na tena. Siku nyingine inaondoka haraka, siku nyingine nafika steji yangu bado natetemeka, lakini sijashuka njiani tangu Aprili. Kliniki pia nahudhuria. Na wewe ukisikia maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza, nenda upimwe, usijitibu kwa hadithi yangu.

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitabaki kanisani. Ukitaka kuongea kuhusu mambo haya, kuja tu, hata kama hatujawahi kusalimiana. Nitakuwa nimekaa kile kiti cha karibu na mlango.